Mwaka Usio na Barua

“Sema basi, watu wote wasikie! Mwanangu alikukosea nini hata ukaukalia mshahara wake kama kuku juu ya mayai?”

“Sijakalia mshahara wa mtu, jirani. Punguza sauti.”

“Nipunguze sauti? Redio ya mumeo mbona haipunguzwi? Leo ni zamu yangu!”

Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya ua, futi ya kupimia ikining’inia shingoni, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukipeperusha hati ya mshahara ya bintiye. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ambayo milango yote saba ya nyumba ile ya kupanga huwa wazi na kila mwenye nguo chafu yuko bombani, kwa hiyo watazamaji hawakukosekana. Mwanamke wa chumba cha tatu alikuwa akifua shati moja kwa muda ambao ungetosha kuligeuza leso.

Aliyekuwa akisemwa alishika ndoo iliyojaa, hajui aiweke chini au aendelee nayo. Ua mzima ulimwita Bi Faili. Alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya mikopo ya wanafunzi, kitengo cha malalamiko. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wanaosema wanadaiwa kisichowahusu, kisha kutafuta ukweli umelala upande gani. Alikaa vyumba viwili vya mwisho na mumewe, fundi wa friji, pamoja na mama mkwe wake. Ukuta uliowatenga na Mshonaji ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, aliombewa afya kule.

“Tazameni,” Mshonaji aliwageukia watu. “Mwalimu mchanga, huu ni mshahara wake wa tatu tu, na robo nzima imekatwa! Kodi yangu nani atalipa? Halafu wameandika eti anadaiwa mkopo wa miaka minne. Minne! Mwanangu amesoma miaka mitatu, hapa nani hajui? Huo wa nne ameuweka nani, kama si jirani mwenye kompyuta?”

“Malalamiko huletwa kwa maandishi,” Bi Faili alisema. “Mlipewa siku thelathini tangu barua ya deni. Mwisho ni Ijumaa.”

“Kwa maandishi! Jamani, mtu nalala naye ukuta kwa ukuta, chumvi tunaazimana, leo ananiambia nimwandikie!”

Watu wakacheka. Bi Faili hakuwa mgomvi, lakini ndoo ilikuwa imeanza kumkata vidole, na kicheko kile kilimchoma. Ndipo ulimi wake ukamponyoka.

“Basi ukiandika, eleza na ule mwaka mmoja binti alikuwa wapi.”

Shati la chumba cha tatu likasimama ndani ya beseni. Maji ya bomba yakawa yanasikika. Na kana kwamba mtu alimtuma, mlangoni kwa Mshonaji akatokea mtoto wa kike wa miaka mitano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

“Mama, hiki kimenishinda.”

Watu wazima wote wa ua ule wakapata kitu cha kutazama chini. Mshonaji alimshika mtoto mkono, akaingia naye ndani, akaubamiza mlango hadi plasta ikadondoka.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Miaka mitano na ushee iliyopita, binti wa Mshonaji, wakati huo akiwa ndiyo kwanza anaanza mwaka wa pili chuoni, alirudi nyumbani usiku akaingia chumba cha ndani na hakuonekana tena. Mama yake akawa anasema yuko chuoni, anasoma kweli kweli. Pazia zito likawekwa. Baada ya miezi michache Mshonaji mwenyewe akaanza kuvaa madera mapana na kutembea ameshika kiuno, na asubuhi moja kukasikika sauti ya kichanga. Mshonaji akatoka akasema Mungu amemjalia kitinda mimba. Akiwa na miaka arobaini na tisa, mjane wa miaka sita.

Watu wakampa hongera. Wakaleta sabuni, nepi, na beseni la kuogeshea. Mama mkwe wa Bi Faili, mwanamke ambaye habari za mtaa hazikutulia mpaka zipite mdomoni kwake, alimpongeza mzazi, akageukia ukutani akakohoa sana. Lakini hakusema. Ua ambao haukuweza kumfichia mtu hata sufuria mpya, hili uliliweka. Walinong’onezana wao kwa wao, ndiyo, maana hata uvumilivu wa malaika una kikomo. Ila usoni kwa mwenyewe, na masikioni mwa mtoto, hakuna aliyewahi kulitamka. Mtoto akapewa jina la utani Kitinda, akakua. Binti alirudi chuoni mwaka uliofuata, akaanza upya mwaka wa pili, akamaliza, akawa mwalimu.

Jumamosi hiyo, mbele ya beseni la nguo, Bi Faili ndiye aliyekaribia kuvunja chungu kilichotunza siri hiyo. Aliingia ndani akaketi kitandani, ndoo bado mkononi.

“Umefanya nini, mwanangu?” mama mkwe alimuuliza kutoka sebuleni.

“Nimesema kazi, mama. Nimesema kama vile niko dirishani ofisini.”

“Hapa hakuna dirisha. Hapa kuna mlango tu.”

*

Mshonaji alikuwa na wateja wengi kuliko maadui, na ulimi wake ulishona haraka kuliko cherehani. Kufikia Jumapili jioni mtaa mzima ulijua kwamba Bi Faili hukata mishahara ya watu kwa wivu. Jumatatu asubuhi, mwenye duka la kona alikuja na mkokoteni kuchukua friji yake ikiwa wazi mgongo, nyaya zinaning’inia.

“Sijamaliza, kaka,” fundi alimwambia.

“Ah, acha tu, fundi. Nimepata mtu mwingine.” Hakumtazama. “Si unajua, siku hizi mtu unaogopa. Leo friji, kesho inaandikwa friji mbili.”

Bombani, ndoo ya mama mkwe ilisogezwa nyuma mara tatu, na kila aliyeisogeza alimwamkia kwa adabu: “Shikamoo, Bibi.” Bibi aliitikia marahaba tatu na kurudi na ndoo tupu.

“Mke wangu,” fundi alisema huku akifunga bisibisi zake kwenye kitambaa, “mimi siingilii mambo ya ofisi. Lakini hilo jambo haliwezi kufutwa tu? Si ni kubonyeza mara moja?”

“Nikibonyeza mara moja, na mimi nafutika mara moja.”

“Nani atajua?”

“Kompyuta yenyewe inaandika nani kagusa, saa ngapi. Na hata isingeandika.” Alikuwa anavaa viatu. “Kila siku wanakaa mbele yangu watu hamsini wanaotaka nibonyeze. Niwaambie nini? Kwamba ningebonyeza, ila bahati mbaya hatukai ua mmoja?”

Fundi akakuna kichwa. “Sawa, serikali,” alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwishaguswa pabaya.

*

Ofisi ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye meza nne, ambazo watu waliendelea kuziita madirisha, mabenchi ya kusubiria, na feni iliyogeuza kichwa upande mmoja tu. Bi Faili alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Alishamwona kijana aliyeapa kwamba hajawahi kuona lango la chuo, huku amevaa fulana ya chuo hicho hicho. Alishamwona mzee aliyekuja kumlipia mwanawe aliyekufa, akakataa katakata kuambiwa kwamba deni la marehemu hufutwa, akisema mwanawe hakuwa mtu wa kufutiwa. Alijifunza kwamba watu wengi hawadanganyi kuhusu fedha. Wanadanganya kuhusu kitu kilichokaa kando ya fedha, na kazi ni kukisubiri kitu hicho kijitokeze chenyewe.

Jumatatu hiyo, faili la kumi na nne katika lundo lake lilikuwa na jina analolijua. Binti hakumwambia mama yake, kumbe alishatuma malalamiko kwa posta kutoka huko anakofundisha. Barua ilikuwa na mistari mitatu: Nilisoma miaka mitatu. Nimeandikiwa minne. Naomba mwaka mmoja uondolewe. Chini yake chuo kilikuwa kimejibu kwamba mwanafunzi alisajiliwa miaka minne, ada ya kila mwaka ililetwa na ofisi ya mikopo, na hakuna barua yoyote ya kuahirisha masomo.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwanafunzi akitaka kusimama mwaka, huandika barua na kutaja sababu. Chuo hugonga muhuri, na mkopo husimama naye. Asipoandika, kwa macho ya chuo yuko darasani, na ada inaendelea kuingia. Barua ile haikuandikwa. Bi Faili alijua kwa nini. Alijua kama anavyojua sauti ya cherehani ya usiku ule walioiendesha mfululizo ili kilio cha binti kisisikike.

Hakufungua ukurasa wa pili. Alichomoa kwenye droo fomu ya kujitoa katika shauri, ambayo wafanyakazi waliiita fomu ya undugu, akajaza palipoandikwa uhusiano na mlalamikaji: jirani, ukuta mmoja. Akaipeleka meza ya mwisho kwa Mzee Muhuri.

Mzee Muhuri alibakiza miezi minane astaafu, na hakutaka hata mmoja kati ya hiyo uingie doa. Alisoma fomu, akasoma barua, akavua miwani.

“Hana sababu, hana ushahidi. Ijumaa nalifunga.”

“Najua.”

“Kuna jambo unalijua kuhusu shauri hili?”

“Ninalolijua sikulijulia hapa.”

“Basi hapa hulijui,” alisema Mzee Muhuri, akaweka faili kwenye trei yake.

*

Jumatano, alipotoka kazini, Bi Faili hakupitiliza kwake. Alisimama kibarazani kwa Mshonaji na sketi iliyofumuka upindo. Cherehani ilikuwa inakimbia.

“Nina upindo hapa, dada.”

“Mkono unaniuma.”

“Nitasubiri.”

“Hata ukisubiri utaniuma.”

Kitinda alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi. Mshonaji alimtuma dukani akanunue kibiriti, na mtoto alipofika mbali ndipo akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Ukitaka kunivua nguo, nivue hapa hapa. Usinizungushe ofisini.”

“Nisikilize. Hili nitakalokuambia ni lile ninalomwambia kila anayefika dirishani, hata nisiyemjua. Mtu aliyekuwa nje ya chuo bila barua, anaweza kuleta karatasi yoyote ya wakati huo inayoonyesha alikuwa kwingine. Ya kazi, ya hospitali, ya kliniki. Na shahidi mmoja mwenye kitambulisho. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Deni likipungua, na makato yanapungua. Basi.”

“Ya kliniki.” Mshonaji alilitafuna neno. “Miaka mitano umekaa unanisubiri.”

“Miaka mitano nimekaa na ulimi wangu mdomoni, dada. Jumamosi uliniponyoka. Kwa hilo naomba radhi.”

Mshonaji aliitazama mikono yake juu ya kitambaa cha mteja.

“Nani mwingine anajua?”

Bi Faili aliokota kifungo sakafuni, akakirudisha kwenye rangi yake.

“Nakuuliza. Mama mkwe wako?”

“Dada, uliza nani hajui. Orodha yake ni fupi.”

Mshonaji aligeuka kuutazama ua. Yule wa chumba cha tatu alikuwa anaanua nguo. Mzee wa chumba cha kwanza alikuwa anasinzia na gazeti usoni. Wote aliwaona kama watu anaowaona leo kwa mara ya kwanza.

“Na zile nepi?” aliuliza taratibu. “Mlipoleta nepi, mlikuwa mnajua?”

“Mtoto alihitaji nepi.”

“Mkaniambia hongera. Mkaniuliza kama maziwa yanatoka! Nikawajibu yanatoka!”

“Ulijibu vizuri tu,” alisema Bi Faili, na hakujua amesema nini, na hakucheka.

Kitinda alirudi na kibiriti. Mshonaji alikipokea, akainamia cherehani, na gurudumu likaanza tena, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Bi Faili alikunja sketi yake akaenda.

*

Binti, ambaye sasa ua ulimwita Mwalimu, alifika Alhamisi alasiri na begi dogo, kwa simu ya mama yake. Aliwaamkia wote mlango kwa mlango, akambeba Kitinda mgongoni hadi ndani. Mtoto akatumwa kwenda kucheza. Mlango ukafungwa.

Upande wa pili wa ukuta, familia ya Bi Faili ilikuwa imeketi sebuleni bila kazi yoyote ya maana. Fundi alikuwa anapangusa bisibisi safi. Mama mkwe alikuwa amesogeza kigoda chake akisema pale pana upepo.

“Mama, kadi yangu ya kliniki iko wapi?”

“Niliichoma.”

“Hukuichoma. Wewe hata gazeti la kufungia nyama huchomi.”

Kisha sauti ya Mshonaji, chini: “Kesho utaikabidhi kwa wanaume wa ofisini, waisome?”

“Waisome. Wataona nilikuwa na kilo sitini na mbili na damu kidogo. Basi.”

“Mimi nilikuwa nakusitiri, mwanangu. Nilisema barua ile ikiandikwa mimba, itakufuata mpaka kaburini.”

“Najua, mama. Sikulaumu. Ningekuwa peke yangu pengine nisingemaliza hata hicho chuo. Lakini wewe umenisitiri na nani? Mwisho wa mwezi nakuja na viatu, namvalisha, ananiambia ‘asante, dada.’ Nikiwa kwenye basi la kurudi nakaa dirishani nisionekane uso. Deni la mwaka mmoja nitalilipa, mama, hata miaka ishirini. Hilo lingine ndilo silimudu.”

Hapo Bi Faili aliinuka akafungulia redio kwa nguvu zote. Kulikuwa na mtu anatangaza bei za mbolea. Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyenyang’anywa sahani anakula.

“Umekosa adabu,” alimwambia mkwewe.

“Ndiyo, mama,” alijibu Bi Faili, na akabaki ameishika redio kwa mikono miwili mpaka mbolea ikaisha.

*

Ijumaa saa tano na nusu, mabenchi yalijaa. Kwa taratibu, Bi Faili hakuruhusiwa kuisogelea meza ya Mzee Muhuri shauri lile likisikilizwa, kwa hiyo alibaki mezani kwake na mteja aliyedai jina lake limechanganywa na la binamu yake. Lakini ukumbi ni ukumbi; masikio hayana fomu ya kujitoa.

Mwalimu alikuja na mama yake. Mshonaji alivaa gauni lake la harusi za watu, la bluu, alilolishona mwenyewe. Mkoba aliubana tumboni kwa mikono yote miwili. Kiti cha mlalamikaji kilikuwa kimoja, Mshonaji akasimama.

“Mwaka unaolalamikiwa,” alisema Mzee Muhuri, bila kuinua uso, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuuliza kila mtu kila kitu, “mlalamikaji ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa…” Mwalimu alianza. Aliyezoea kusimama mbele ya watoto sitini alijikuta anaongea na meza. Benchi la mbele vijana wawili waliacha kuongea. “Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa…”

“Sababu.”

“Alikuwa na mimba,” alisema Mshonaji.

Sauti yake ilikuwa ya ukubwa wa uani, haikupimwa kwa ukumbi. Watu wakageuka. Mteja wa Bi Faili akanyamaza katikati ya jina la binamu yake.

“Alikuwa na mimba, akajifungulia kwangu. Yeye alitaka kuandika barua chuoni. Alikwishaiandika hata. Mimi niliichana. Niliona haya.” Akavuta pumzi. “Huyu hana kosa. Andika hivyo.”

Mzee Muhuri aliandika. Kalamu yake ilikwaruza kwa utulivu wa kutisha. “Ushahidi?”

Mshonaji alifungua mkoba. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kitambaa, ndani ya mfuko mwingine, na kila alichokifungua kilichukua muda, na kila mtu ukumbini alisubiri. Mzee Muhuri akaipokea, akalinganisha tarehe moja moja na zile za ada, akipigia mstari kwa rula.

“Shahidi ni nani kwa mlalamikaji?”

“Mama yake.”

“Mtoto yu hai?”

“Yu hai. Ana miaka mitano. Anahesabu mpaka mia.”

“Hilo halihitajiki,” alisema Mzee Muhuri, lakini akatua kidogo kabla ya kwenda mstari unaofuata. “Shahidi ni nani kwa mtoto?”

Hapo ndipo Mshonaji alipotafuta pa kushika. Alishika mgongo wa kiti. Mwalimu akainua mkono bila kugeuka, akauweka juu ya ule wa mama yake.

“Bibi yake,” alisema Mshonaji.

“Sauti.”

“Mimi ni bibi yake.”

Mzee Muhuri akaandika, akapuliza wino, akagonga muhuri mara mbili. “Ada ya mwaka mmoja inaondolewa. Hiyo tutaidai chuo, si wewe. Iliyobaki ni halali yako na utalipa. Kilichokatwa zaidi kitahesabiwa mbele. Saini hapa, na hapa. Anayefuata!”

Ndiyo kwisha. Vijana wa benchi la mbele walishaanza kuongea mpira. Mshonaji alibaki amesimama, anatazama huku na huku, kama mtu aliyejikaza kubeba gunia akakuta limejaa pamba. Alipopita karibu na meza ya Bi Faili hakusimama, na Bi Faili hakuinua kichwa, maana saa za kazi zilikuwa hazijaisha.

*

Mwalimu aliagana na mama yake kituoni. Alikuwa na vipindi vya ziada vya Jumamosi kesho yake asubuhi. Alisema atarudi mwisho wa mwezi, wakae chini wote watatu, mtoto aambiwe taratibu, kwa maneno ya mtoto. Mshonaji akasema sawa. Akarudi peke yake.

Alifika mtaani saa tisa. Lakini hakuingia ndani. Kwenye kibanda cha vocha mkabala na lango, alinunua vocha asiyoihitaji. Akauliza bei ya uzi mahali pasipouzwa uzi. Bi Faili alipotoka kazini saa kumi na moja, alimkuta bado pale, amevaa gauni la bluu, vumbi limempanda mpaka magotini.

“Dada. Mbona huku?”

“Napunga upepo.”

Bi Faili alisimama kando yake. Kwa pamoja wakalitazama lango, lile lile la mabati wanaloingia na kutoka kila siku.

“Toka saa tisa,” alisema Mshonaji, “kila nikitaka kuingia, naona ile siku niliyotembea pale nimeshika kiuno. Nilifunga mto, unajua? Mto wa kochi. Na wao wote wamekaa wananiangalia, wanajua ni mto.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Nitapitaje?”

Bi Faili alizoea kuwa na jibu. Dirishani watu hupanga foleni kwa ajili ya jibu.

“Sijui,” alisema. “Tukipita wawili, wataangalia wawili.”

Wakapita. Ua ulikuwa umejaa kama kawaida ya saa zile: majiko yanawashwa, mtu anamwita mtu, fundi amelaza friji ya mtu mwingine chini ya kamba za nguo. Walipotokeza, sauti zilishuka. Mzee wa chumba cha kwanza aliinua gazeti. Yule wa chumba cha tatu alifungua mdomo, na kila mtu akamwogopea, maana anajulikana. Lakini alichosema ni “Karibuni,” tu, akaendelea kupepea jiko.

Mshonaji alielekea mlangoni kwake kwa hatua za haraka, uso chini. Akakuta kufuli. Ndipo akakumbuka asubuhi Kitinda alimwachia nani.

Mlango unaofuata ulikuwa wazi. Kizingitini alisimama mama mkwe wa Bi Faili, mwiko mkononi. Yule mwanamke ambaye kwa miaka mitano alikuwa amemeza habari kubwa kuliko zote za ua ule, alimtazama jirani yake kuanzia gauni mpaka vumbi, na majirani wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

“Umekawia,” alisema, kwa sauti ya kila siku, iliyofika mpaka bombani. “Chakula kinapoa, na mjukuu wako amekataa kula mpaka urudi. Nawa mikono uingie.”